Fardhi Kifaya Haiishii Makaburini

  

 Katika miji yetu ya mwambao, kuanzia Vanga hadi Kiunga, lipo jambo moja ambalo yatupasa kumshukuru Mungu kwalo. Mtu akifariki alfajiri, aghalabu kufikia alasiri huwa amekwisha kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Hakuna aliyeandikiwa barua wala aliyelipwa mshahara. Vijana huchimba kaburi, mwenye gari hutoa gari, wajuzi wa kuosha huja na ujuzi wao, na akina mama hukusanyika nyumbani kwa wafiwa: huyu ana mchele, huyu ana sufuria, na asiye na kitu huja na mikono yake akaosha vyombo. Mgeni akiuliza ni nani aliyeyapanga yote hayo, hatatajiwa jina la mtu mmoja. Ni mtaa mzima ulioinuka.

Basi na tujiulize swali ambalo ni zito kidogo. Mama tuliyemzika kwa umati mkubwa, je, alipokuwa hai na miguu imemwisha nguvu, alipata mtu mmoja wa kumpeleka kliniki kupimwa sukari? Kijana ambaye leo twamwombea dua kwa kuharibiwa na dawa za kulevya, je, alipoacha shule na kuanza kushinda vichochoroni, ni nani aliyemfuata akamuuliza habari zake? Hatuyasemi haya ili kumlaumu mtu. Twayasema kwa sababu mikono inayobeba jeneza ndiyo hiyo hiyo iwezayo kumshika mgonjwa, na mtaa usiokosa watu wa kuzika haufai kukosa watu wa kuwahudumia walio hai.

Maana ya fardhi kifaya

Madrasani sote tulisomeshwa kwamba fardhi ni za namna mbili. Iko fardhi ya ain, ambayo kila mtu hudaiwa nafsi yake, kama sala tano na saumu ya Ramadhani. Na iko fardhi ya kifaya, ambayo hudaiwa jamii nzima: wakiitekeleza baadhi ya watu, waliobaki husalimika, na wasipoitekeleza, dhambi huwaenea wote walioweza na wasifanye. Mfano tuliopewa sote ulikuwa ni mmoja, yaani kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika. Mfano huo ni sahihi. Lakini wengi wetu tuliushika mfano tukaiacha kanuni, hata ikawa kana kwamba fardhi kifaya huanzia kitandani pa maiti na kuishia makaburini.

Wanazuoni hawakuifunga hivyo. Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 Hijria, yaani 1111 Miladia, alilieleza jambo hili katika kitabu chake mashuhuri cha Ihyaa Ulumiddin. Aliuhesabu utabibu kuwa ni katika fardhi kifaya, na pamoja nao elimu ya hesabu, na hata kilimo, ufumaji na ushonaji, kwa sababu mji hauwezi kusimama bila mambo hayo. Kisha akawalalamikia watu wa zama zake: miji mingi haikuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja, na hakuna aliyejishughulisha kuliziba pengo hilo, ilhali wanafunzi walisongamana katika masuala ya khitilafu za fiqhi ambayo tayari yalikuwa na watu wa kutosha.

Malalamiko hayo yana zaidi ya miaka 900, na bado yatufaa. Yanatufundisha kwamba anayetaka kuutumikia mtaa wake asiulize kwanza ni wapi penye watu wengi na sifa nyingi. Aulize ni wapi ambapo hakuna aliyesimama. Hapa Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu, aliifuata njia hiyo alipotoa magazeti yake ya Sahifa na al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wasomeshaji wa dini walikuwapo. Asiyekuwapo alikuwa mtu wa kuwaandikia Waislamu wa mwambao juu ya elimu na hali zao katika gazeti lao wenyewe. Akalishika pengo hilo.

Ndoo, shoka na saa moja

Surat al-Maun ni fupi, na watoto wetu huihifadhi wangali wadogo. Ndani yake wamekemewa watu ambao sala zao ni za kujionyesha, kisha wakawa ni wenye kuizuia maun. Wafasiri, akiwemo Sahaba Abdullah bin Masud (R.A.), walieleza kwamba maun ni vile vitu vidogo ambavyo majirani huazimana: shoka, chungu, ndoo na mfano wa hivyo. Mwenye kuazima ndoo hapungukiwi na kitu, nayo humrudia jioni. Hata hivyo kuizuia kumetajwa katika sura moja na kumsukuma yatima.

Zama zetu ndoo si adimu tena. Kilichokuwa adimu ni wakati. Jirani aweza kuwa na kila chombo jikoni mwake, lakini hana mtu wa kumkalia na watoto saa moja ili aende hospitali. Hana wa kumsomea barua iliyotoka afisi ya ardhi. Hana wa kumjazia fomu ya basari ya mwanawe kabla tarehe haijapita. Saa hiyo moja ndiyo maun ya leo. Na jirani ni jirani, awe Mwislamu au asiwe. Sahaba Abdullah bin Amr (R.A.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, jambo aliloliuliza ni kama jirani yake Myahudi amepelekewa fungu lake.

Nafasi ya akina mama

Yuko mtu mmoja katika Hadithi za Bukhari na Muslim ambaye kazi yake ilikuwa ni kuufagia msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina. Mapokezi mengi yaeleza kuwa alikuwa mwanamke mweusi. Alipofariki, Masahaba waliona ni jambo dogo, wakamzika bila ya kumwarifu Mtume. Lakini Mtume (S.A.W.) alimkosa, akauliza habari zake, na alipoambiwa amekufa, alisikitika kwamba hakuarifiwa, akaomba aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia. Kazi ambayo watu waliiona ndogo haikuwa ndogo mbele ya kiongozi wa umma.

Yuko pia Bibi Rufayda wa kabila la Aslam, aliyekuwa na hema la kuwatibia majeruhi katika msikiti huo huo. Saad bin Muadh (R.A.) alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, Mtume (S.A.W.) aliamrisha awekwe katika hema lake. Wapokezi wa sira wamemsifu kwamba aliwahudumia wasiokuwa na wa kuwahudumia, akitarajia malipo kwa Mwenyezi Mungu.

Twawataja hawa wawili makusudi. Katika mitaa yetu akina mama ndio wajuao nyumba ambayo haijakoka moto tangu jana. Wao ndio wajuao ni binti gani ameacha kwenda shule, na ni mzee gani ambaye dawa zake zimekwisha. Kamati ya msikiti inayogawa zaka bila ya kumuuliza mwanamke hata mmoja imeyafumba macho yake yenyewe, kisha yashangaa kuona majina ni yale yale kila mwaka. Tunawaomba wenye kamati wawatafutie akina mama njia ya heshima ya kusikilizwa. Na tunawaomba akina mama, wakiitwa, wasiseme kwamba hawana elimu ya kutosha. Kuijua hali ya mtaa ni elimu.

Milango iliyo wazi

Huenda msomaji akasema, tumekubali, lakini tuingilie wapi? Tutataja milango mitano, na yote i karibu.

Wa kwanza ni damu. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za vifo vya wazazi ulimwenguni, na damu haitengenezwi kiwandani. Hapa Kenya hutoa mtu mwenye afya, wa umri wa miaka 16 hadi 65, mwenye uzani wa kilo 50 au zaidi. Mwanamume aweza kurudi baada ya miezi 3, na mwanamke baada ya miezi 4. Damu haihifadhiki ikangoja mwaka. Chembe nyekundu hukaa wiki chache tu, na chembe sahani takriban siku 5. Kwa hivyo kampeni kubwa ya siku moja haitoshi. Msikiti wenye watu 40 wa kutoa, wakigawanywa makundi manne ya watu 10, kila kundi na mwezi wake, utatoa painti 10 kila mwezi, yaani 120 kwa mwaka, na hakuna atakayetoa zaidi ya mara tatu. Ama katika Ramadhani, kwa madhehebu yetu ya Shafii kutoa damu hakubatilishi saumu, lakini humdhoofisha aliyefunga na ni makuruhu. Basi itolewe usiku, au kabla ya mwezi kuandama.

Wa pili ni afya ya nyumbani. Mwezi wa Septemba 2023 serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, wakapewa mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu, sukari na uzani. Mhudumu mmoja huangalia takriban nyumba 100, na wengi wao ni wanawake wa mtaani petu. Huyu ni mtu mmoja kwa nyumba mia. Akipata vijana wawili wa kumwandikia tarehe za kliniki za wazee, na mama mmoja kila kichochoro wa kumjulisha aliyejifungua na aliyeugua, kazi yake itaenea mara tatu.

Wa tatu ni shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 imewapa wazazi haki ya kuwachagua wawakilishi 6 katika bodi ya usimamizi wa shule ya umma. Watu wetu wengi hulalamika juu ya ada, vyoo na nidhamu wakiwa barazani, na siku ya uchaguzi huo mkutano huwa na viti vitupu. Mwenye mtoto shuleni asikose mkutano wa wazazi, na mwenye uwezo ajitolee kusimama.

Wa nne ni kaunti. Katiba ya 2010 imeutaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya bajeti yapaswa yawe yamefika katika bunge la kaunti kabla ya Aprili kumalizika. Maana yake ni kwamba anayetaka taa za barabarani, mtaro wa maji ya mvua au zahanati yenye mkunga usiku, asingoje Julai. Vikao vya kutoa maoni vinapoitishwa wadini, waende watu watano kutoka kila mtaa, na ombi moja lililoandikwa, lililo wazi, badala ya watu hamsini na malalamiko hamsini.

Wa tano ni mazingira, na hapa mfano tunao nyumbani. Katika ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanauendesha mradi uitwao Mikoko Pamoja tangu mwaka wa 2013. Wanazilinda hekta 117 za mikoko na kupanda mingine, na kwa kuwa mikoko huishika hewa ya ukaa, wao huuza haki ya hewa hiyo ng'ambo. Fedha zinazopatikana zimeingia katika maji ya bomba na vitabu vya shule, kwa kuamuliwa na wanakijiji wenyewe. Mwaka wa 2017 mradi huo ulipewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ulianza kwa watu kuingia topeni na miche mikononi. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba apandaye mti, akala humo mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka.

Adabu za kujitolea

Kazi njema huharibiwa na mambo machache, na yafaa tuyataje.

La kwanza ni moto wa makuti. Kikundi huanzishwa kwa fulana na hotuba, na mwezi wa tatu hakuna anayeonekana. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba amali apendayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa chache. Basi aahidi mtu saa mbili kwa wiki akazitimiza mwaka mzima. Hilo ni bora kuliko siku nzima mara moja. Mzee aliyeahidiwa kutembelewa kila Jumanne hukaa mlangoni siku ya Jumanne.

La pili ni kuisahau nyumba. Salman al-Farisi alimtembelea nduguye Abu Dardaa (R.A.) akamkuta mkewe amejiacha, kwa kuwa mume alikuwa amezama katika saumu na ibada za usiku. Salman akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake, na Mtume (S.A.W.) akalithibitisha hilo. Baba anayemaliza kila jioni katika vikao vya kamati, na watoto wamelala kabla hajarudi, na alitie jambo hili maanani. Naye mama akiwa na zamu yake ya kuhudumu, mume anayebaki na watoto saa hizo mbili ni mshirika wake katika thawabu.

La tatu ni fedha. Hata shilingi mia mbili ziandikwe daftarini. Wawe watu wawili wa kutia sahihi, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Urafiki wa miaka mingi umevunjika kwa sababu ya risiti iliyopotea, na aliye muaminifu ndiye wa kwanza kunufaika na daftari.

La nne ni heshima ya anayesaidiwa. Qurani imetuonya tusiibatilishe sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Kumpiga picha mjane akipokea unga na kuieneza picha yake katika simu za watu ni maudhi, hata kama nia ilikuwa ni kuwahimiza watoaji. Ipigwe picha ya magunia, iachwe sura ya mtu. Kadhalika, anayejitolea kwa watoto awe anajulikana na wazazi, na wala asiachwe peke yake na mtoto mahali pa siri. Huko si kumdhania mtu vibaya. Ni kumlinda mtoto, na kumlinda naye na shutuma.

La tano ni kutolifanya neno "kujitolea" kuwa pazia la dhuluma. Ustadhi anayesomesha madrasa siku tano kwa wiki ana kodi ya nyumba na watoto wa kuwalisha. Kumwambia kwamba malipo yake yako kwa Allah, ilhali sisi twangojea mishahara yetu kila mwisho wa mwezi, si ihsani. Kujitolea ni uamuzi wa mwenye kutoa, si amri ya mwenye kupokea.

Je, hii si kazi ya serikali?

Swali hili tumelisikia mara nyingi, nalo si swali baya. Twalipa kodi, na mitaro, dawa na walimu ni haki yetu. Hatusemi wananchi wazibebe kazi za afisi ili wenye afisi wapumzike. Lakini uzoefu waonyesha kuwa mtaa uliojipanga ndio unaosikilizwa. Aliyekuwa akienda zahanati kila wiki na wagonjwa ndiye ajuaye ni siku ngapi dawa hazikuwapo. Neno lake kikaoni lina tarehe na idadi. Aliyekaa nyumbani ana hasira tu. Kuhudumu na kudai haki ni kama mikono miwili ya mtu mmoja, na wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.

Tuanzie wapi?

Ijumaa hii, baada ya chakula, na ikae kila nyumba robo saa, wazazi na watoto pamoja. Waulizane mambo matatu: ni nini kinachokosekana katika kichochoro chetu, ni nani ambaye tayari anakifanya na amechoka peke yake, na sisi katika nyumba hii tuna saa ngapi kwa wiki. Tumeliweka swali la pili makusudi, kwa sababu aghalabu hapahitajiki kikundi kipya. Panahitajika mtu wa pili wa kumsaidia aliyeanza. Kisha ichaguliwe kazi moja, iwekewe siku yake, na mtoto apewe sehemu aiwezayo, ijapokuwa ni kumpelekea bibi jirani maji ya kunywa. Mtoto aliyezoea kubisha mlango wa jirani akiwa na miaka saba hatahitaji kuhubiriwa akifika ishirini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atufanye miongoni mwa wenye kusaidiana katika wema na uchamungu, awalipe kheri wanaohudumu bila kujulikana, awape afueni wagonjwa wetu na awarehemu marehemu wetu. Amin.